Send-off imepigwa vibaya? Namna ya kuokoa sauti, video na picha kwa programu za bure

Kila familia ina yule mtu mmoja mwenye kompyuta ambae inaaminika "anajua mambo ya kuediti", na kama ndo wewe basi unajua nini kinakuja wiki moja baada ya send-off. Unaletewa mzigo wa mafaili: kamera ya yule kijana aliyelipwa na kamati, simu za mashangazi na kila shangazi kapiga kwa staili yake, picha mia kadhaa, sura za watu giza tupu huku shela linawaka, keki nyeupe imetoka zambarau, na hotuba ya baba mzazi inasikika kwa mbali nyuma ya feni. Halafu unaambiwa "we itengeneze tu itoke vizuri".

Sehemu kubwa ya hayo yanatengenezeka na hulazimiki kununua kitu. Kinachowakwamisha watu wengi ni mpangilio, mtu anafungua klipu ya kwanza anarusha filta hapo hapo anaona imependeza, anaenda ya pili filta ile ile inatoka vingine kabisa, basi anaanza kuongeza filta juu ya filta mpaka bibi harusi anageuka rangi ya chungwa. Sahihisha kwanza, pamba mwisho. Na kwenye kusahihisha anza na sauti, halafu mwanga, halafu rangi, ukifika kwenye filta utakuta huna hamu nayo tena.

Programu ninazoongelea hapa ni DaVinci Resolve ya bure (ile ya kulipia inaitwa Studio, ni dola 295 unalipa mara moja), Audacity kwa sauti, HandBrake kwa kubadili mafaili, na Snapseed ya kwenye simu kwa picha. CapCut inafaa sana kwa klipu ya dakika moja ya kurusha status, ila kwa shughuli ya saa tatu yenye kamera nne utateseka bure. Wa Linux mjue mapema kwamba Resolve ya bure upande wenu haisomi H.264, aina ya ubanaji wa video inayotumiwa na simu nyingi, itabidi uzibadili kwanza.

Kabla hujagusa chochote

Kopi kila kitu kwenye diski ya kompyuta, kisha kopi nyingine weka pembeni usiiguse. Na klipu za simu usikubali ziletwe WhatsApp kama video ya kawaida maana WhatsApp inaiminya, inapunguza ukubwa wa picha na data yake, na ulichopoteza hapo hakuna programu itakurudishia. Mwambie shangazi abonyeze kile kipini cha kuambatisha achague Dokumenti, hapo faili linakuja kama lilivyo, mwisho wake ni GB 2. Likizidi hapo mfuate na waya.

Kuna ugonjwa mmoja wa simu ambao watu hawaujui: simu nyingi hazirekodi fremu kwa kasi moja. Imeandikwa 30 lakini kwenye giza la ukumbi inashuka, ikifika kwenye mwanga inapanda, kwahiyo ukiweka klipu ya nusu saa kwenye projekti mwanzoni mdomo na sauti viko pamoja, ikifika mwisho MC anacheka kabla hajafungua mdomo. Dawa yake ni HandBrake, fungua klipu, nenda upande wa Video, chagua Constant Framerate, ubora weka RF 18 hivi, iache ifanye kazi usiku. Mafaili yatakuwa makubwa, vumilia.

Ukifungua projekti mpya Resolve, weka kwanza idadi ya fremu kabla hujaingiza klipu hata moja kwasababu ukishaanza kufanya kazi haikubali kubadilika. Kamera kubwa ikiwa 25 weka 25. Kompyuta ikiwa dhaifu nenda menyu ya Playback, pale pa resolution ya timeline, chagua Half au Quarter, picha itakuwa na ukungu kidogo wakati wa kuediti tu, ukitoa video inarudi ubora wake wote.

Sauti, na hapa tukae

Mtazamaji atavumilia picha yenye giza, lakini akiwa hasikii mama anamwambia nini binti yake anazima. Kwahiyo hata kama una siku moja tu ya kazi, nusu yake ipeleke huku. Vaa hedifoni, za simu za kawaida zinatosha, spika za laptopu zinaficha uchafu wote wa chini.

Kabla ya kusafisha sauti yoyote angalia kama kuna nyingine bora zaidi. Huu ndo uzuri wa kuwa na simu nne ukumbini, kamera imekaa karibu na spika za DJ imepasuka kabisa, ila kuna shangazi alikuwa meza ya nyuma na simu yake imechukua ile hotuba vizuri tu. Weka klipu ya kamera na ya simu kwenye timeline moja juu ya nyingine, zichague zote, bonyeza kulia, Auto Align Clips, chagua Based on Waveform, programu yenyewe inazilinganisha na kuzipanga. Dakika mbili hizo zinaweza kukuondolea kazi ya siku nzima.

Kama hakuna nyingine basi toa sauti peke yake kutoka Resolve kwa WAV, ifungue Audacity, sikiliza ujue tatizo ni la aina gani maana kila kelele na dawa yake.

Kelele isiyobadilika, feni, AC, jenereta la nje, hiyo ndo rahisi. Tafuta sekunde moja au mbili ambazo hakuna anaeongea, kelele tupu, zichague, nenda Effect kwenye Noise Reduction bonyeza Get Noise Profile. Sasa chagua sauti yote, rudi pale pale, weka kupunguza desibeli kati ya 6 na 12, sensitivity 6. Watu wanavuta mpaka 30 halafu baba mzazi anaongea kama yuko ndani ya pipa la maji. Kuna kidude hapo chini kimeandikwa Residue, kibonyeze usikilize, kinakupa kile kitu kinachotolewa. Ukisikia feni tupu uko salama, ukianza kusikia maneno ya mtu humo ujue unamkata mzee ulimi, rudi nyuma. Na kama katikati ya hotuba umeme ulikatika likawashwa jenereta, hiyo ni kelele nyingine mpya, kata vipande viwili kila kimoja na sampuli yake.

Mngurumo wa umeme, ule wa "mmmmm" unaotoka kwenye mikisa na nyaya mbovu, usiupige na hiyo ya juu. Umeme wetu Tanzania, Kenya, Uganda, mpaka Kongo ni hezi 50, kwahiyo mngurumo uko 50 na vizidisho vyake, 100, 150, 200. Video nyingi za mafunzo YouTube ni za Wamarekani na wao umeme wao ni 60, mtu anafuata neno kwa neno anakata 60 halafu anashangaa mngurumo upo pale pale. Audacity tumia Notch Filter weka 50, rudia kwa 100 na 150 kama bado unasikia. Ndani ya Resolve kwenye ukurasa wa Fairlight kuna De-Hummer, yenyewe ina kitufe cha 50 na cha 60, hata toleo la bure unayo. Ongeza na High-Pass Filter kwenye 80 hivi kwa sauti ya kiume, ya kike unaweza kupanda 100, inaondoa mtikisiko wa meza na upepo kwenye maiki. Ila kwenye muziki usiweke, utaua besi na watu walikuja kucheza.

Sauti iliyopasuka utaijua kwa macho, ukiizumu mawimbi yamekatwa juu bapa kama yamepigwa panga. Clip Fix ya Audacity inajaribu kukisia kilichokatwa, inasaidia pale MC amepiga kelele mara moja moja. Kama dakika ishirini nzima zimepasuka hakuna muujiza, punguza sauti hiyo, funika na muziki, bakisha maneno machache yanayosikika.

Mwangwi wa ukumbi wenye vigae na madirisha ya vioo ndo mgumu kuliko yote. Hapa kuna huduma ya mtandaoni ya Adobe inaitwa Enhance Speech, unapandisha faili inakurudishia sauti kama ya studio, na kwa hotuba kweli inafanya kazi. Lakini kuna mambo mawili. Imetengenezwa kwa ajili ya mtu kuongea tu, ukiipa vigelegele, ngoma au watu wanaimba inawageuza kuwa manung'uniko ya ajabu, kwahiyo kata hotuba peke yake ndo uipeleke. Pili, pale isipoelewa inabuni, sikiliza majina ya watu na ya ukoo moja moja kabla hujaamini. Mimi huwa nachanganya, naweka iliyosafishwa juu na ya asili chini kwa sauti ndogo, ukumbi unabaki unasikika kuwa ni ukumbi.

Mwisho kabisa wa sauti ni usawa. Mama anaongea kwa aibu, MC anapayuka, usiwarushie compressor (kifaa cha kubana tofauti ya sauti kubwa na ndogo) moja kwa moja. Kwanza pandisha klipu za mama kwa mkono, shusha za MC, wakishakaribiana ndo unaweka compressor ya 3 kwa 1, halafu Loudness Normalization kwenye -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia) kama inaenda YouTube, kilele kisizidi desibeli -1. Ukipaza zaidi ya hapo YouTube wanakushusha wenyewe. Na mkumbuke nyimbo za DJ zinatambulika kule, unaweza kupata dai la hakimiliki kwa ajili ya wimbo uliosikika ukumbini tu, kwahiyo ya YouTube na ya familia zitoe tofauti.

Mwanga na sura za watu

Ukurasa wa Color ndani ya Resolve unatisha watu kwasababu ya yale magrafu, ila magrafu ndo rafiki yako, jicho linadanganya. Kaa saa moja unaangalia picha ya njano, ubongo unaizoea unaiona nyeupe. Washa Scopes, chagua Parade uone nyekundu, kijani na bluu zimesimama kila moja peke yake, kutoka 0 chini mpaka 1023 juu.

Kwanini sura zimetoka giza? Kamera ikiwa auto inapima mwanga kwa wastani, inataka fremu nzima iwe kijivu cha kati. Shela kubwa jeupe likijaa kwenye fremu kamera inaona kumezidi mwanga, inashusha kila kitu, na wenye ngozi nyeusi ndo tunaozama. Wengi wanakimbilia Gain, ile ya sehemu zenye mwanga mwingi, shela linaungua linakuwa karatasi. Acha Gain, pandisha Gamma ile ya katikati polepole, halafu shusha Lift, ile ya sehemu za giza, kidogo nyeusi ibaki nyeusi isiwe kijivu. Shela libaki chini ya 900 hivi ili mishono na lesi ionekane.

Sasa sura ifike wapi, hapa napo mafunzo ya nje yanatupoteza. Utasikia "ngozi iwe asilimia 70", hiyo ni ngozi ya Mzungu. Mtu mweusi ukimpeleka 70 umembadilisha, anakuwa kijivu kijivu hana uhai. Ngozi nyeusi 35 mpaka 50 hivi inatosha, yaani kwenye hilo grafu kama 360 hadi 510, huku mng'ao wa paji la uso na mashavu ukipanda juu zaidi wenyewe. Mng'ao huo usiuue, ndo unaofanya ngozi yetu ipendeze kwenye kioo. Kama bwana harusi ni mweupe na bibi harusi ni mweusi au kinyume chake, weka duara la Power Window kwenye sura inayohitaji, bonyeza kulifuatilia kwa Tracker, pandisha humo tu.

Rangi inakuja baada ya mwanga, isitangulie. Tafuta kitu cheupe kwenye fremu, kanzu au kitambaa cha meza, kirekebishe mpaka nyekundu, kijani na bluu za hicho kitu zilingane urefu. Shela chunguza kwanza, mashela mengi ni ya krimu, ukiyalazimisha kuwa meupe ukumbi mzima unageuka bluu. Halafu hamia Vectorscope, grafu la duara linaloonyesha rangi imeelekea wapi, kwenye mipangilio yake washa mstari wa ngozi. Watu wote duniani, mweusi tii mpaka mweupe pe, ngozi zao zinaangukia karibu na mstari huo huo mmoja, tofauti iko kwenye mwanga na wingi wa rangi. Zungushia sura tu dirisha uone doa limeangukia wapi, likiwa limeenda upande wa kijani au zambarau lirudishe. Hii ndo njia ya kulinganisha kamera na simu bila kubishana na macho.

Klipu za iPhone kuanzia 12 zina mambo yake, kama mwenyewe hajazima zinarekodi HDR (video yenye mwanga na rangi nyingi kuliko ya kawaida), ukiziingiza zinatoka zimewaka kupita kiasi au zimepauka. Usihangaike kuzirekebisha kwa mkono, weka nodi (kile kisanduku cha hatua moja ya kurekebisha rangi) ya Color Space Transform mwanzoni, Input iwe Rec.2020 na gamma Rec.2100 HLG, Output iwe Rec.709 na Gamma 2.4. Baada ya hapo endelea nayo kama klipu nyingine.

Taa za LED za zambarau na bluu, zile mapambo wanazipenda nyuma ya high table, hizo mtihani. Rangi ya bluu imejaa mpaka imemwagika na nyekundu na kijani hazina kitu, kwahiyo hakuna data ya sura pale, hata uvute vipi sura ya kawaida haitoki. Nenda kwenye mikunjo ya Hue vs Sat, shika zambarau na bluu uzishushe mpaka sura ianze kuonekana, usizimalize. Wakati wa kucheza ziache tu, ndo sherehe yenyewe. Kazi yako iwe kwenye keki na hotuba. Na ikishindikana kabisa, klipu mbili tatu za nyeusi na nyeupe hazijawahi kuharibu video ya mtu.

Mistari inayotembea kwenye picha inatokana na taa zinazopepesa mara 100 kwa sekunde kwasababu ya umeme wetu wa 50, wakati shata ya simu haikulingana nazo (mpiga picha angeweka 1/50 au 1/100 tusingekuwa hapa). Dawa ya Deflicker iko kwenye Studio tu. Ya bure ni hii: kopi klipu iweke treki ya juu, isogeze fremu moja, punguza Opacity yake iwe 50. Mistari inapungua sana, ila mtu anaekimbia ataacha kivuli kidogo.

Chenga chenga za giza nazo dawa yake kamili iko Studio. Kwa bure, usipandishe mwanga kupita ulichohitaji, shusha kabisa sehemu za giza ziwe nyeusi chenga zifie humo, na kwenye mkunjo wa Lum vs Sat punguza rangi ya maeneo ya giza, chenga zikikosa rangi hazionekani sana. Dawa ya mtikisiko iko kwenye Inspector, Stabilization, anza na Similarity, ikianza kuyumba kama jeli badili iwe Translation, na jua itakata kingo za picha. Fokasi iliyokosewa haitengenezeki. Fupisha hiyo klipu uendelee na maisha.

Picha kwa ufupi

Omba RAW, yaani faili ghafi la kamera ambalo halijabanwa kuwa JPEG, kama kamera ilipiga hivyo. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, RAW ya biti 14 ina 16,384, ndo maana ukivuta giza kwenye JPEG inapasuka mapema. Snapseed inafungua na mafaili ya DNG. Nyoosha picha kwanza, kisha Selective, gusa sura, telezesha kidole kuongeza mwanga wa hapo tu. Healing inaondoa chupa za maji na nyaya za maiki mbele ya high table, zitoe kidogo kidogo, ukifuta eneo kubwa mara moja inakuletea mkono wa mtu usiojulikana. Picha moja ikikaa sawa, zile zilizopigwa sehemu ile ile tumia Last edits ziwe sare.

Kulainisha ngozi mpaka vinyweleo viishe, na kumng'arisha mtu awe mweupe, mimi sifanyi hata akiniomba dada yake. Chunusi ya siku ile toa. Kovu na doa la kuzaliwa muache nalo mpaka mwenyewe aseme.

Kutoa kazi

Ukurasa wa Deliver, H.264, 1080p, fremu zile zile za projekti. YouTube wao wanapendekeza Mbps 8 kwa 1080p ya fremu 24 mpaka 30, wewe ukiwapa 15 hakuna shida, watabana wenyewe. Kabla hujaita watu, itazame yote kwenye simu ya bei rahisi kwa spika yake yenyewe, hotuba ikisikika hapo itasikika popote, halafu iweke kwenye TV uone kama giza halijameza sura.

Kwa wazee wanaotaka ya kuchomeka kwenye TV: fleshi nyingi zimefomatiwa FAT32 na hiyo haipokei faili linalozidi GB 4, ndo maana unakopi inagoma wakati nafasi ipo tele. Ibadili iwe exFAT, lakini TV za zamani nyingi hazisomi exFAT, kwa hizo rudi FAT32 ukate video vipande, Kuingia, Hotuba, Keki, Zawadi, na mbele ya kila jina weka 01, 02, 03 ili TV isianze na zawadi.